Hesabu ya Betri, Barabara ya Kumi na Nne

Mali bila daftari huisha bila habari,
nami miaka thelathini na moja nilikuwa karani bandarini,
nikihesabu marobota ya mkonge hadi ndotoni.
Kwa hiyo betri ilipoingia nyumbani
niliifungulia ukurasa wake.

Kushoto: milioni mbili na laki nne,
mnofu wa kiinua mgongo changu.
Kulia: yuniti tatu kila usiku nisizonunua.
Yuniti nikaiweka mia tatu hamsini kamili
ili kalamu isichoke.
Tatu ni elfu moja na hamsini.
Gawanya.
Usiku elfu mbili mia mbili themanini na tano,
na kipande cha usiku.
Miaka sita na robo,
kama jua la Tanga litakuja kazini kila siku
na lisiombe ruhusa mwezi wa nne.

Linaomba. Masika hii liliomba siku kumi na tisa.
Paneli zikakaa juu ya bati
kama sinia za harusi iliyoahirishwa.

Shemhilu, aliyeniuzia, alinipa dhamana ya miaka mitano.
Nikamuuliza: na ule wa sita, na robo yake?
Akafuta jasho, akacheka:
"Mzee Mhina, unanunua umeme au unaoa?"
Nimeoa. Dhamana sikupewa.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hawakuwahi kuweka akiba ya jua.
Hii inaoza polepole, bila harufu.
Mwaka wa kwanza ilitufikisha adhana ya alfajiri,
mwaka huu saa tisa za usiku inakohoa:
kijani, njano,
kisha kile chekundu kidogo
kama jicho la mtu anayekudai.
Hilo nalo nimeliandika.

Mwantumu hasomi ukurasa wangu.
Ana friji yake na barafu zake za ukwaju,
watoto wa shule humwita kwa dirisha la nyuma.
"Ulipokatika Jumanne sikumwaga kitu," akasema.
"Umeiandika wapi hiyo?"
Nikaandika: ukwaju usiomwagwa, elfu kumi na nne.
"Na Jumamosi ile?"
Tukazirudia zote, tangu siku ya kwanza,
yeye akikumbuka, mimi nikijumlisha,
hata miaka sita na robo ikashuka
ikasimama mlangoni pa mitano.
Usiku ule nilijikuta naomba umeme ukatike,
nikajiombea msamaha.

Kisha akaja Bi Mwanjaa wa nyumba ya tatu,
mtaa mzima giza,
mkononi chupa mbili ndogo ndani ya kitambaa:
sindano za sukari za mjukuu wake.
Mwantumu akaziweka mlangoni mwa friji,
mbali na barafu. "Zikiganda zimekufa."
Amekuja mara tatu. Hajalipa, wala hatukumdai.

Nikakaa na kalamu.
Kulia si mapato. Kushoto si gharama.
Nikachora safu ya tatu, haina kichwa,
nikaandika: chupa mbili, usiku mmoja.
Nikaona haya.
Sikufuta, lakini sikujumlisha.

Wananiuliza msikitini, wananiuliza dukani:
betri inajilipa?
Nawaambia, hadi jana imerudisha laki tisa na elfu sitini.
Bado inanidai, au naidai,
milioni moja, laki nne na elfu arobaini.
Mwenye umeme usiokatika na ajiwekee fedha zake benki.
Mwenye haraka asininunulie kahawa.

Jana saa tisa kile chekundu kiliwaka.
Mwantumu akanyanyuka gizani,
akazima feni, ile ya upande wangu.
"Kuna chupa ndani," akasema, akalala.
Nikabaki macho na joto la Ngamiani
limenikalia kifuani kama robota.

Joto hilo bado sijaliandika.